Wafula Hakutaka Kufia Kitandani

Nakumbuka jioni moja kule Sanaiya, mtaa wa mabweni ya vibarua, mwanangu, tukiwa sita chumbani, tumebanana kuitazama simu ya Wafula. Siku hizo sikuwa nimeanza kuitwa mzee. Hapa Doha ukifika arobaini na tano wanakupa uzee bila kukuuliza. Tulikuwa tunatazama ile tamthilia ya Waviking, watu wa kaskazini wenye mashoka na ndevu. Wafula, mlinzi wa lango kama mimi, aliisadiki kama katekisimu.

Miguu yake ilikuwa imevimba, na mkojo mweusi kama strungi, chai isiyo na maziwa. Jua la langoni lilikuwa linammaliza polepole. Nikamwambia aende kliniki.

"Zii, buda," akanicheka. "Kwenye ukumbi wa Odini, mungu wa Waviking, hawaingii watu wa kufia kitandani."

Nami nikacheka naye. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wiki haikuisha, akaanguka kazini.

Hospitalini tulimkuta Mama Nekesa, muuguzi wa kwetu tuliyesali naye kanisani kila Ijumaa, maana huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Mama mkali, na tamthilia hiyo aliipenda pia, ila yeye alikuwa amesoma na historia yake. Aliposikia Wafula anataka kuondoka, alimshika mkono.

"Kijana wangu, picha imekudanganya. Wengi wao walikuwa wakulima wa shayiri na wachuuzi. Makaburini mwao kumekutwa fedha za Waarabu. Walizihangaikia kama wewe. Na Baldri, mwana wa Odini, aliyependwa kuliko miungu wote, alipokufa hakuingia ukumbi wa mashujaa. Alikwenda kwa Heli, malkia wa kuzimu, waliko wazee na wagonjwa. Utamwita mwoga?"

Wafula akamgeukia. "Na alirudi, Mama?"

"Hakurudi. Viumbe vyote viliombwa vimlilie ili aachiliwe, mmoja akakataa. Lakini wewe hujafika huko. Lala tukutibu."

Akalala, akakubali sindano. Figo zilikuwa zimeshachoka. Alifariki Jumatatu asubuhi akimwita mama yake, na chumba chetu kizima tulilia, wanaume wazima na ndevu zetu. Bado inaniuma.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kilio hicho nilikisikia kwa simu, siku mama yake alipopokea jeneza, na sijui shujaa gani angekisikia akajisifu.

Basi mwanangu, ukiumwa, sema. Sema siku hiyo hiyo, hata kama msimamizi atanuna. Mwenzako akikwambia anaumwa, usicheke naye, mpeleke. Hakuna ukumbi unaokungoja kwa kufa kwako mapema. Kuna watu nyumbani wanaokungoja ukiwa hai.

Mungu akutoe hapa kwa miguu yako mwenyewe. Akuzeeshe mpaka uwe msumbufu, ufie kitandani kwako, wajukuu wakigombania nani akuletee uji.