Kaseti ya Lugha Ndani ya Kasha la Kwaya

Watu wa Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, walisema mkimbizi aliyerudi kutoka Kigoma na diploma ndani ya mfuko wa nailoni hataweza kamwe kuwasha kompyuta ikafanya kazi (ilikuwa kuukuu, ukiizima inasahau kila kitu, na lugha yake, BASIC, lazima uipakie upya kutoka kwenye kaseti). Niliweza, tena peke yangu karibu kila kitu, ila mpaka leo nikipita mbele ya kanisa lile naangalia chini.

Siku zile za vita kila mtu alimshuku mwenzake, nami nilimshuku Saidi, fundi redio, kwa kuwa aliigeuza kaseti yangu mara mbili akiuliza, "Kaka, humu iko nini?" Nikajua huyu ananiibia lugha! Nikaificha kwenye kasha la kaseti ya kwaya, na Jumapili Mama Noella, kiongozi wa kwaya, akaja kuchukua redio-kaseti aliyoniazima, akabeba na kasha.

Nilikaa benchi la mbele kanisani, na tai yangu, alipoitia kaseti redioni akidhani ni ya kwaya, akabonyeza. Kipaza sauti kikapiga ukelele wa kukwaruza, watu wakajitupa chini, wengine wakatokea dirishani kuelekea ziwani, na wanajeshi wa pale barabarani wakaingia mbio.

"Ishara za siri za waasi! Kaseti ya nani?"

"Yangu, afande. Ni lugha."

"Inasemwa na watu gani?"

"Na mashine."

"Basi iseme. Ikikataa, tunakwenda na wewe."

(Waliochukuliwa wakati ule, wengi hatukuwaona tena.)

Ikaletwa kompyuta yangu, pamoja na televisheni ya jirani na betri ya gari la muuza mawese, nilizokuwa nimeziazima. Nikapakia: kosa. Nikapakia tena, jasho linanitiririka: kosa. Ndipo Saidi, aliyekuja mbio kutoka karakana yake ng'ambo ya barabara, akanisukuma kwa kiwiko.

"Bwana Diploma, sogea. Kichwa cha redio, pale inasoma kaseti, iko chafu."

Akakipangusa kwa kitambaa chenye spiriti, akapunguza sauti kidogo. Tukangoja, bunduki na kwaya nzima wakitazama, mpaka kioo kikaandika kwamba iko tayari.

"Hiyo tu?" afande akauliza, akaondoka.

Wiki ile nikarudisha betri na televisheni, na kila aliyeniazima nikamwambia mwenyewe kwamba aliyeficha kaseti ni mimi. Mwisho nikaenda kwa Saidi, nikamwambia niliificha kwa kumshuku yeye, nikamwekea kaseti mkononi aitunze yeye.

"Leo huniogopi?" Saidi akauliza.

"Nakuogopa," nikasema, "lakini najiogopa mimi zaidi."