Uzi wa Sweta Ndani ya Rejeta

Kaka yangu alifika kwenye gereji yangu Makambako saa tatu asubuhi, siku moja kabla hatujamzika Baba, gari lake likitoa mvuke mbele. Alikuwa ametoka Dar es Salaam. Alisema tangu Mafinga mshale wa joto ulikuwa unapanda kila akikanyaga mafuta, ikabidi awe anasimama, anasubiri, anaendelea. Ukoo ulinituma nimngoje nimfikishe nyumbani, upande wa Uwemba, kwa kuwa mimi ni fundi na ndiye mdogo wake. Tulipeana mkono. Sikumkumbatia.

Gari lile ndilo lililomkosanisha na Baba. Ni la mbio, milango miwili, tumbo linakaribia kugusa lami. Mara ya kwanza alipolileta nyumbani, Baba alilizunguka mikono ikiwa nyuma, akauliza linabeba magunia mangapi ya viazi. Watu wakacheka, kaka hakucheka. Neno likazaa neno, mpaka kaka akasema yeye si kibarua wa shamba la mtu, na Baba akamwambia basi asikanyage tena pale. Miaka miwili ikapita.

Nyumbani kwetu mtoto aliyeondoka kwa ugomvi haingii mwenyewe. Anasimama getini, na mtu wa ndani anatoka, anamshika mkono, anamwingiza. Baba mwenyewe aliwahi kuingizwa hivyo na dada yake, aliporudi kutoka mashamba ya chai akiwa kijana mkaidi. Hakuna aliyewahi kukaa akatufundisha jambo hili, lakini wote tunalijua.

Nikaanza kufungua bampa. Rejeta za gari lile ziko mbele, moja kila kona, nyuma ya midomo mipana isiyo na wavu. Chochote barabara inachorusha kinaingia humo na kukaa, injini ikakosa upepo wa kuipoza. Wengi hukosea, wanapiga maji ya presha kutoka mbele. Uchafu unazidi kuzama na vibati vyembamba vya rejeta vinalala. Mimi huanza kwa vidole, halafu brashi laini, halafu upepo wa kompresa kwa mbali, kutoka nyuma kuja mbele. Ni kazi isiyotaka hasira, na siku hiyo nilikuwa nazo tele.

Rejeta ya kushoto haikunipa shida. Kwenye ya kulia nilitoa mfuko wa plastiki, mabawa ya kumbikumbi, sindano kavu za misonobari. Chini kabisa kulikuwa na tabaka la zamani lililogandamana, majani yaliyogeuka rangi ya ugoro. Nikayavuta taratibu. Yalikuwa majani ya pasheni, na katikati yake kulikuwa na uzi wa sufu, wa buluu, uliofungwa fundo mara mbili.

Niliutambua hapo hapo. Ulikuwa wa sweta langu la shule ya msingi. Baba alilifumua mwaka huu huu, alipokuwa bado anaweza kukaa kitini nje, akafungia pasheni zilizotambaa kwenye uzio wa getini. Kila fundo alilifunga mara mbili, kama anafunga ndama. Nikakaa sakafuni penye oili.

Wiki tatu kabla ya hapo, Jumamosi mchana, nilikuwa kitandani pake namlisha uji. Kila Jumamosi nilipanda kwenda nyumbani. Nilimwosha, nilimgeuza, nilimkata kucha. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka zizi halionekani. Likaunguruma gari getini, na honi ikalia mara moja, fupi. Baba akafumbua macho.

"Ni kaka yako," akasema. "Toka ukamwangalie."

"Hapana, Baba. Ni lori la viazi linageuza."

Mama alikuwa ameketi miguuni pa kitanda anamenya njegere. Aliendelea kumenya. Baba akameza vijiko viwili vya uji, akasema, "Si lori," akageukia ukutani. Hakulitaja tena jambo hilo mpaka anafariki. Kutoka kitandani pake hadi getini hazifiki hatua hamsini.

Mimi hutambua gari kwa mngurumo kabla halijakata kona, na Makambako nzima wananijua kwa hilo. Tangu siku ile nilikuwa najiambia kwamba ukungu hubadilisha sauti, kwamba kweli lilikuwa lori. Uongo. Nilijua ni yeye. Sikutaka aingizwe kwa mkono wangu, baada ya mimi kukesha na kufua mashuka. Mimi niliyebaki, hakuna aliyewahi kunishika mkono akaniingiza popote. Ulikuwa wivu, sina jina jingine la kuupa.

"Umepata nini?" kaka akauliza kutoka kwenye tairi alilokalia.

Nikamwonyesha. Akauchukua ule uzi, akauangalia.

"Nilikuja," akasema. "Mliponipigia kwamba Mzee amezidiwa nikawaambia gari bovu, nilikuwa naogopa kuahidi. Halafu nikaja. Nikapiga honi, nikakaa pale karibu nusu saa, injini inawaka, nikijua wewe lazima utaitambua. Hakutoka mtu. Nikasema basi, Mzee amekataa. Wakati nageuza, pua ikaingia kwenye uzio." Akanirudishia uzi. "Hamkusikia, mdogo wangu?"

Ukweli ulikuwa mdomoni kabisa.

"Siku hiyo kulikuwa na upepo mkali," nikasema. "Na ukungu."

Mtu aliyekulia Njombe anajua upepo mkali na ule ukungu wetu havikai pamoja. Hakubisha, akanipokea brashi na kuanza kunisaidia. Alisugua vizuri, bila haraka, akafuata mistari. Nilimwonea huruma, nikajichukia, na bado sikusema.

Tulipoondoka mshale ulitulia katikati mpaka Njombe, na kutoka Njombe mpaka nyumbani. Turubai lilikuwa limeshafungwa, akina mama wanaimba. Kaka akasimamisha gari getini, akapiga honi mara moja, fupi. Hakushuka. Nikashuka mimi, nikazunguka mbele, nikafungua mlango wake nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, una harufu ya petroli.

Mama akatoka katikati ya wanawake wenzake. "Kamwene, mwanangu," akamsalimu kwa kilugha chetu, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Injini ilikuwa bado inaunguruma nyuma yetu. Mama akainua kichwa, akaisikiliza. Kisha akaniangalia mimi, bila hasira yoyote.

"Kumbe lile lori la viazi ndilo hili," akasema.

"Lori gani, Mama?" kaka akauliza.

Mama aliendelea kuniangalia. Alikuwa ananingoja mimi, na mkono wa kaka ulikuwa bado ndani ya wangu.

"Baba hakukukataa," nikamwambia. "Alikusikia. Alinituma nitoke nikuingize, mimi ndiye sikutoka."