Nilimpachika Rafiki Yangu Jina la Kiumbe wa Angani

Jamani, mimi ni mtu mbaya. Msinitafutie udhuru, maana mwenyewe nimeutafuta miaka nenda miaka rudi na sijaupata.

Ujanani nilikuwa na banda la video hapa Utende, kisiwani Mafia. Jenereta, televisheni moja, mabenchi, na mimi pembeni na kipaza sauti, nawatafsiria watu filamu za Kiingereza. Walikuja kunisikiliza mimi kuliko hiyo filamu yenyewe. Kichwa kikavimba!

Kulikuwa na tamthilia moja ya zamani ya safari za anga za juu. Nahodha na watu wake wanashuka kwenye sayari ambako watu wa rangi ya dhahabu wanakula, na viumbe waitwao Magromu, weusi tititi, wanachimba mawe. Mfalme anaandaa karamu. Nahodha anakataa kugusa chakula mpaka Gromu aliyewaletea maji akae naye mezani. Somo lilikuwa hilo tu, kwamba rangi ya mtu si kitu.

Na msidhani sikuelewa. Kiingereza nilikisoma, kila neno nililisikia!

Ila Shabani, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alikuwa ametuma wazee nyumbani kumposa dada yangu Saada. Shabani ni mweusi. Sisi tunajiita Waarabu. Babu zetu walikuwa na mashamba ya minazi, babu zake ndio waliotumikishwa humo. Mdomoni nilimwambia, "Karibu, shemeji." Moyoni nilichefukwa.

Jioni moja banda limejaa, Saada yuko nyuma na wanawake wenzake. Nahodha akafungua kinywa, nami nikatafsiri: "Mwondoeni huyu Gromu, ananuka!" Watu wakavunjika mbavu. Nikanogewa. Gromu alipomwinamia binti mfalme kumpa maji, nikamtilia sauti ya Shabani, ile nzito ya kuvuta maneno: "Bibie, nami nataka kuoa." Kisha nahodha akajibu, kwa kinywa changu: "Gromu uoe binadamu? Nenda kakwee minazi!"

Wallahi banda zima liligeuka kumtazama Shabani. Mmoja akapiga kelele, "Gromu mwenyewe huyo!" Shabani akacheka kidogo, kama mtu aliyejikwaa mbele ya wakwe, akatoka nje. Na mimi nikaendelea kutafsiri!

Wazee wake hawakurudi tena. Jina ndilo lililobaki. Dukani Gromu, pwani Gromu, hata mlangoni mwa msikiti watoto wanasukumana, "Mpisheni Gromu!" Akahamia Chole, kisiwa cha jirani, kulikimbia. Likavuka naye.

Saada tukamwoza kwa binamu yetu mweupe wa Unguja. Huko mama mkwe akawa anamwita mjakazi wa Mafia, mpaka akaachwa. Leo yuko kwangu. Ananipikia, ananifulia, hanisemeshi. Akiwa na neno humtuma binti yangu, "Mwambie baba yako."

Binti huyo anafanya kazi hotelini, Kiingereza chake kimenyooka. Juzi aliipata tamthilia ile kwenye simu, tukaitazama pamoja. Ilipofika karamu akafuta machozi. "Baba, nahodha huyu ana utu! Na nyinyi zamani bandani mlilia hivi?"

Saada alikuwa anachagua mchele. Akaniangalia usoni.

"Mjibu mtoto," akasema.

Miaka yote ile, hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia! Nikainuka, nikatoka nje.

Kesho yake nikavuka kwenda Chole. Shabani kazeeka. Akanipa kiti, hakuniuliza hali. Nikamwomba radhi, nikalia kilio chote, akaniacha nimalize. Ndipo akaingia mjukuu wake, kabinti kamevaa sare ya shule.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Waitwa nani?" nikamuuliza.

"Hadija Gromu."

Shabani akamvuta mtoto karibu. "Mjukuu wangu, si huwa unaniuliza maana ya jina letu? Muulize babu huyu. Yeye ndiye aliyetupa."

Mtoto akanikodolea macho. "Babu, maana yake nini?"

Ningesema kweli, basi! Mbele yake, mbele ya Shabani, mara moja tu maishani.

"Shujaa," nikamwambia. "Maana yake shujaa."

Akaruka kwa furaha, akatoka mbio kuwaambia wenzake. Shabani akamsindikiza kwa macho hadi akapotea.

"Huko aendako watamcheka," akasema. "Na wewe bado unatafsiri vilevile. Nenda zako."

Wewe unayesoma, siku utakapowachekesha watu ukaona wote wamemgeukia mtu mmoja, funga mdomo wako hapo hapo. Usingoje uje uombe radhi, utakuta hujui hata pa kuanzia. Mimi niliondoka kwa Shabani kichwa chini, na kabla sijafika kwenye boti nilisikia watoto uwanjani wakicheka.