Kamba Iliyopimwa Maji Mafu

Bi Dija wa Mlingotini amelima mwani miaka kumi na minane, na anayemtia kinyaa mpaka leo ni mtu mmoja tu: Abdulnasir, mtaalamu aliyeletwa na mradi kuwafundisha kulima kwenye chelezo cha mianzi kinachoelea, maji marefu, kwa kuwa mwani wa ufukweni ulikuwa unakufa kwa joto.

Siku ya kwanza aliwaonyesha akina mama picha za kusini kabisa mwa dunia. Huko, alisema, kuna barafu pana kuliko wilaya nzima. Upande mmoja imeshika nchi kavu, upande wa pili inaelea. Maji yakijaa inainuka, yakitoka inashuka, na hata mwendo wake wa kusogelea baharini hubadilika kati ya bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, na maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu. Pale iliposhika nchi ndipo inapopindwa kila siku, mpaka inapasuka. Bi Dija alilipenda sana somo lile. Kumbe bamvua lake la Mlingotini lina kazi mpaka huko!

Basi akamwamini, akatoa mbegu yake yote, kamba sitini, zikafungwe kwenye chelezo. Nyingine hakubakisha.

Mtaalamu huyo huyo akaja kupima kamba za nanga. Ilikuwa mwezi wa nane, maji mafu, bahari imelala. Akapima, akakata, akakaza. Bi Dija akamwambia kwa adabu kwamba wiki ijayo ni bamvua, aziongeze kamba urefu, japo pima moja. Abdulnasir akatabasamu kama anayembembeleza mtoto, akasema vipimo vimetoka ofisini.

Bamvua likaja. Chelezo kikataka kuinuka, kamba zikakizuia, mianzi ikavunjika pale pale ilipofungwa. Mwani wote ukatupwa ufukweni, na siku ya tatu ukawa unanuka, nzi watupu.

Abdulnasir akaja na mpiga picha. Huku akiruka ule uozo asichafue viatu, alimwomba Bi Dija aseme kwamba mabadiliko ya tabianchi ndiyo yaliyomharibia shamba.  Bi Dija aliinama, akaokota kipande cha kamba ya nanga kinachovuja maji meusi, akamtia mkononi.

"Ile barafu haikufungwa na mtu, mwanangu. Hii umeifunga wewe, na ulikuwa unajua."

Abdulnasir akajifuta mkono, akamwambia mpiga picha atafute mama mwingine. Akapatikana mmoja, ambaye hakuwa ametoa hata kamba moja ya mbegu.