Gari Lililotetemeka Kila Jumamosi

Baba yangu aliendesha lori la kiwanda pale Thika kwa miaka ishirini na tisa, na akawafundisha kaka zangu wote watatu kuendesha. Mimi, kifungua mimba wake, alinifundisha kuosha magurudumu. Sikusahau. Nilipofikisha miaka arobaini na moja nikajiandikisha shule ya udereva hapa Ruiru, nikakaa benchi moja na watoto waliomaliza kidato cha nne juzi, nikapata leseni, nikanunua gari jeupe kuukuu lenye nafasi ya mizigo nyuma. Jumamosi iliyofuata nikampelekea Baba magunia matatu ya chakula cha kuku kule kwake Kalimoni. Nilianza kupiga honi nikiwa bado kwenye kona ya kanisa. Wacha watu wajue.

Ikawa desturi. Tangu mama atutoke, Baba anaishi na kuku wake na redio, na mimi kila Jumamosi nashusha magunia, nakunywa chai nimesimama, naondoka. Mimi hushona sare za shule, nina kibanda mtaa wa Kahawa Sukari, na vitambaa vya watu havijishoni. Baba naye huniita Maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Usidhani jina hilo limewahi kunipunguzia maneno.

Mwezi wa pili hivi, aliomba nimpeleke Juja akanunue dawa ya kuku. Nilikaribia kuruka kwa furaha. Alikaa kiti cha mbele, kofia magotini, nikaendesha polepole kama nimebeba mayai. Tukafika kwenye tuta la kwanza, nikakanyaga breki, na usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu mpaka bangili zikalia. Tuta la pili, vivyo hivyo. La tatu, Baba akasema, "Maitu, simamisha."

Nikasimamisha. Akashuka, akavaa kofia, akaita bodaboda. Mzee wa miaka sabini na sita! Alishuka gari langu mimi, binti yake, akapanda pikipiki ya mtu asiyemjua, na majirani wakitazama. Kabla ya kuondoka akainama dirishani akasema, "Wewe unapenda breki kuliko gia. Mguu wako ndio unaiharibu. Sitaingia hii kitu tena mpaka iache kutetemeka."

Damu ilinichemka mpaka Ruiru.

Ningeyaacha yapite, lakini binti yangu alikuwa anamaliza chuo Thika, na mahafali yalikuwa yamebaki miezi michache. Nilikuwa nimeshaiona ile siku kichwani: Baba ametoka na koti lake la kijivu, amekaa kiti cha mbele, mimi nimeshika usukani. Hilo tu. Sikutaka zawadi wala kuombwa msamaha. Nilitaka abebwe na yule ambaye hakumfundisha.

Nikaanza kuzunguka kwa mafundi. Wa kwanza akasema ni magurudumu hayajasawazishwa, akayasawazisha, gari likaendelea kutetemeka. Wa pili hata boneti hakufungua. Alinitazama viatu, akasema, "Madam, ni vile nyinyi huendesha." Nyinyi! Nilimwambia nyinyi ni nani, niko hapa peke yangu, na nikaondoka na gari langu kabla sijamrushia kiatu chenyewe.

Wa tatu nilielekezwa na mteja wangu. Ana gereji Thika, nyuma ya maduka ya vyuma, mwanamume mnene mpole anayeuliza maswali kama daktari wa watoto. Linatetemeka ukienda kasi au ukishika breki? Usukani au kiti? Kisha akatoa gurudumu, akafunga saa yake ndogo ya kupimia kwenye diski, ile sahani ya chuma ambayo breki huibana ili gari lisimame, akaizungusha kwa mkono. Mshale ukacheza kushoto, kulia, kushoto.

"Umeona? Imepinda," akasema. "Breki ikiishika, inaisukuma huku na huku. Ndiyo maana usukani unacheza."

"Ni mguu wangu?"

"Mathe, mguu wako sijaupima."

Nilimpenda hapo hapo. Alizichonga diski mpaka zikanyooka, na wiki nzima nikaendesha nikiimba. Jumamosi jioni, nikirudi Ruiru, tetemeko likarudi. Akazichonga tena. Likarudi. Akasema sasa chuma kimekuwa chembamba, akaweka diski mpya na pedi mpya za breki, akasugua kutu yote pale diski inapokaa, akakaza nati kwa zamu ili zisivute upande mmoja. Nilitoka pale nikapiga vigelegele peke yangu kwenye Thika Road, vioo vikiwa wazi. Wiki tatu baadaye, Jumamosi jioni, bangili zikaanza kulia tena.

Nililia. Kwa hasira, lakini machozi ni machozi. Usiku huohuo mkubwa wa kaka zangu akapiga simu: "Usijisumbue na mahafali, mzee nitambeba mimi." Yaani walikuwa wameshaongea.

Jumatatu nilimwambia fundi kwamba nimeshindwa. Hakugusa gari. Alivuta ndoo, akaketi, akasema, "Niambie wiki yako yote. Usiruke kitu."

Nikamwambia. Ukishalitengeneza, Jumatatu hadi Ijumaa, Ruiru na Kahawa Sukari, hakuna shida. Jumamosi magunia matatu, Thika Road mpaka Juja, halafu ile barabara ya matuta.

"Kwenda, inatetemeka?"

Nikafikiri. "Kwenda, hapana. Kurudi ndiyo."

"Kurudi tu?"

"Kurudi tu. Kuanzia langoni kwa Baba."

Akajikuna kidevu. "Jumamosi tunaenda wote."

Tukaenda wote, amekaa kiti cha mbele na gunia moja miguuni kwa sababu nyuma nilikuwa nimebeba pia majora ya vitambaa. Gari zito, tuta baada ya tuta, breki baada ya breki, na usukani umetulia kabisa kwa sababu alikuwa amenichongea tena Ijumaa. Tulipoingia uani Baba alikuwa tayari amesimama na mpira wa maji mkononi, kama kawaida. Kwa Baba, gari haliingii na kuondoka na tope la Kalimoni. Ni sheria aliyoileta kutoka kwa lori: ukifika tu, unaosha magurudumu kabla hujasalimia mtu. Sikuwa hata nimezima injini. Akaelekeza maji ya kisima, yale yanayoumiza meno, moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele.

Tsssss! Mvuke ukapanda mpaka kwenye kioo.

Fundi alikuwa ametoa mguu mmoja nje. Akaganda hivyo hivyo. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka akashika mlango. "Mzee," akasema, "hebu funga maji."

Nami nikaelewa. Ngai! Diski nne, mafundi watatu, bodaboda, kaka yangu! "Baba, ni wewe!" nikapiga kelele, kuku wakatawanyika. "Ni wewe! Si mguu wangu, ni mpira wako! Nyani haoni kundule!"

Ndiyo, nilimwambia baba yangu hivyo. Nina hasira za karibu, siwezi kukataa.

Fundi alimweleza kwa adabu sana. Kwamba lori la mzee lilikuwa na breki za ngoma, zimefunikwa, maji yalikuwa yanapiga chuma cha nje tu, hayaumizi kitu. Lakini hii diski iko uchi. Inatoka barabarani ina moto wa kukaanga yai, halafu inamwagiwa maji baridi upande mmoja, inapinda. Akamwelekeza aone penye mvuke.

Baba alifunga mfereji. Alikunja mpira, polepole, mzunguko kwa mzunguko, akautundika. "Kwa hivyo zote," akauliza, "hata zile mpya?"

"Hata zile mpya, mzee."

"Na mimi nilisema ni mguu wake."

Akaingia nyumbani, mlango ukafungwa, na furaha yangu yote ikaisha. Nilijiona mpumbavu. Miezi yote hiyo mtu ananioshea magurudumu ili nisirudi kwangu na tope, halafu namwita nyani mbele ya mgeni.

Mlango ukafunguliwa. Baba akatoka amevaa koti la kijivu na kofia. Akampita fundi, akanipita mimi, akafungua mlango wa mbele wa gari, akakaa, kofia magotini.

"Nipeleke Juja," akasema.

"Baba, diski zimepinda tena. Itatetemeka."

"Na itetemeke."

Ikatetemeka kweli. Kila tuta bangili zililia, na kila zilipolia Baba alitikisa kichwa na kusema, "Hiyo ni yangu. Hiyo pia ni yangu." Fundi nyuma kati ya majora akacheka hadi akakohoa. Mimi sikuweza kuona barabara vizuri, na safari hii si kwa hasira.

Siku ya mahafali nilimbeba Baba. Kaka yangu alitufuata nyuma na gari lake, na Baba alikuwa akigeuka kila mara kuona kama bado yuko nyuma.

Siku hizi nikifika hamwagi maji. Anainama, anaweka kiganja karibu na gurudumu, anasema, "Bado moto. Ingia tunywe chai kwanza." Kwa hiyo chai nainywa nimeketi. Tunaongea habari za kuku, za mama, za lori, za madereva wenzake waliokwisha kufa na vituko vyao. Baada ya saa moja anatoka kupima tena.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na manyunyu na baridi ya kutosha. Tulikuwa tumekaa saa mbili na zaidi, na nilikuwa na sare za darasa zima zinanisubiri. Nikatoka mwenyewe, nikaingiza vidole kati ya vyuma vya gurudumu nikashika diski. Ilikuwa baridi kabisa.

Baba akaja nyuma yangu, akainama, akaweka kiganja chake pale pale.

"Bado moto," akasema.

Nikamwambia ndiyo, bado moto sana, nikarudi ndani nikaongeza maji kwenye sufuria.