Chip feki ilivyokaribia kuua kompyuta ya zamani ya baba yangu

Wakuu, habari za huko mliko.

Hii nawaambia vile ilitokea, siongezi chumvi. Naandika nikiwa break hapa kiwandani EPZ Athi River na bado nikikumbuka roho inadunda.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Siku hizi akili inamtoroka. Anasahau kama amekula. Kuna siku anamuuliza mama, "Wewe ni wa wapi?"

Kitu moja tu hajasahau. Kompyuta yake ya zamani, zile keyboard na mashine ni kitu kimoja, unaunganisha na TV. Aliipata akiwa kijana.

Kila asubuhi anaketi, anaandika program ile ile fupi, skrini inajaa times table, ile ya kuzidisha. Anacheka peke yake. Anafuta, anaanza upya. Hapo ndio mama anapata nafasi ya kufua na kupumua.

Halafu asubuhi moja TV ikabaki nyeusi.

Mtu anaweza kusema hiyo ni jambo ndogo. Wakuu, si ndogo.

Baba alianza kuzunguka boma akiitafuta, na iko tu pale mezani. Akakataa chakula. "Mmeuza mashine yangu," ndio maneno yake kutwa nzima. Siku moja akatoka gate. Mtu wa boda akampata sokoni Tala, anauliza watu wa hardware kama wameona kompyuta yake.

Mama alinipigia simu akilia, sikuelewa hata neno. Mimi niko kazini, supervisor ananiangalia.

Nikaomba ruhusa, nikaipeleka kompyuta kwa Kyalo, fundi wa TV huko Machakos town, tulisoma na yeye. Akapima, akasema chip ya picha imekufa. Shida ni kwamba hiyo chip haitengenezwi tena. Unatafuta yenye ilibaki kwa watu.

Nikapata seller kwa mtandao. Picha safi, namba ni ile ile, maandishi yanang'aa. Sasa nikifikiria, chip ya umri huo inang'aa aje? Lakini kila simu ikilia nilikuwa naona baba barabarani. Nikaorder.

Ilipofika, Kyalo akaipachika kwa soketi, akawasha.

Mistari tu. Halafu harufu.

Kyalo akagusa chip na kidole, akakitoa mbio. "Zima! Zima hiyo kitu!"

Nikang'oa waya kwa ukuta.

Akachukua pamba na ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, akasugua mgongo wa chip. Pamba ikawa nyeusi. Namba ikapotea, na chini yake ikaonekana namba ingine kabisa, imekwaruzwa.

"Hii ni chip ya kitu kingine," akasema. "Wameipaka rangi wakaandika namba yenye watu wanatafuta."

"Na mashine je?"

Akaweka pamba chini. "Hapo sitakudanganya. Inaweza kuwa imeunguza chip zingine za ndani. Hatutajua mpaka tupate chip mzuri."

Jioni nikafika nyumbani mikono mitupu. Baba alikuwa mlangoni. "Umeileta?"

Nilimwambia fundi bado anaisafisha. Seller naye alikuwa ameniblock.

Siku zilizofuata sikulala vizuri. Mama akaanza kufunga gate na kufuli, na baba anaitingisha kama mtu amefungiwa jela. Nilikuwa najiuliza, kama ile mashine imekufa kabisa, tutamwambia nini? Na tukimwambia, si kesho atauliza tena?

Kyalo ndiye aliuliza kwa group ya mafundi. Akapatikana mzee mmoja Syokimau, ako na mashine kama hiyo, keyboard imeliwa na panya lakini picha inatoka. Mzee mwenyewe alikuwa na wasiwasi kutushinda. "Nyinyi mtabadilisha chip yangu, mnirudishie feki mseme ndio hii," akasema. Ikabidi tuende hadi kwake. Akawasha tukaona picha kwa macho yetu, ndio akaitoa kwa mkono wake akanipea.

Kyalo alikuja na mashine mpaka nyumbani Jumamosi. Alipoipachika ile chip, mama alikuwa ameshika kiti akiomba kimya kimya. Mimi nilikuwa nimeshika waya, tayari kung'oa.

Skrini ikawa blue. Halafu maandishi.

Baba akamsukuma Kyalo kando bila hata pole. Akaandika na vidole viwili. Times table ikajaa.

Akageuka akaniangalia. "Mwaitu, keti uone."

Kwa Kikamba, mwaitu maana yake ni "mama yangu". Nilipewa jina la mama yake baba, na tangu utotoni aliniita hivyo, mpaka akili ilipoanza kumtoroka. Nilikuwa nimekata tamaa ya kuisikia tena. Nikaketi.

Wakuu, nimejifunza hivi. Usinunue chip ya zamani kwa picha. Uione ikifanya kazi kwa mashine ingine, ama seller akutumie video. Isugue kwanza kabla ya kuipachika. Na usiijaribu kwa mashine moja tu yenye uko nayo.

Sijatulia bado. Hii chip pia ni mzee, siku moja itachoka. Kama kuna mashine ya aina hii imelala kwa store ya mzazi wako, tafadhali usiitupe, niambie hapa. Na kama unachunga mzazi wa hali hii, wewe hufanya aje siku ile kitu anapenda kimeharibika? Nitasoma zote.