Nyasi Zilizopandwa Mlangoni

Shule niliacha darasa la pili, kwa hiyo mtanisamehe nikiruka huku na huko. Miaka ile ya sabini kazi yangu ilikuwa bustani, kwenye nyumba ya afande mmoja hapo mjini Arua. Afande mwenyewe simkumbuki sana, alikuwa hakai. Aliyenisimamia ni bibi yake. Huyo bibi aliwahi kuishi ng'ambo wakati mume wake alipopelekwa masomo, na huko akaona watu wamepanda nyasi pembeni mwa njia ya kuingia nyumbani. Si maua, nyasi. Ndefu nyuma, zenye mikia myekundu katikati, fupi mbele. Akataka na yeye awe nazo, kutoka geti mpaka barazani.

Nikamwuliza, "Mama, hii majani iko ya mbuzi?"

"Iko ya kuangalia."

"Kuangalia tu?"

"Wewe panda."

Nyasi nazijua. Kwetu Midia, upande wa Koboko, kila nyasi ina kazi yake: hii ya kuezeka, hii ya kufagia, hii ya kufuma kifuniko cha ghala. Isiyo na kazi tunaichoma kiangazi. Kumwagilia nyasi maji sikuwahi kuona. Lakini nilikwenda kwetu na baiskeli, nikachimba mashina marefu kama yalivyosimama, nikayafunga nyuma. Njia nzima watu wananiuliza naenda kuezeka nyumba ya nani.

Zilikauka baada ya siku nne. Nikaleta nyingine, nazo zikakauka. Bibi wa afande hakupaza sauti. Alisema, "Mara ya tatu zikifa, urudi kwenu ukalime muhogo." Na chumba chetu cha Awindiri, hapo hapo mjini, mimi na mke wangu, tulikipata kwa sababu ya kazi hiyo. Kazi ikienda, chumba kinaenda.

Kwa hiyo mara ya tatu sikuzipeleka moja kwa moja. Nilizipanda kwanza mbele ya mlango wangu, nizichunge mwenyewe mpaka zizoee udongo wa Arua. Mstari wa mbele nilitaka mchaichai, huo tulikuwa nao tayari. Sukari wakati ule ilitafutwa kama dawa, tukanywa mchaichai mtupu mpaka ulimi ukasahau, na hata leo chai yenye sukari naona kama mtu amekosea. Lakini nilikuwa nasema nyasi.

Mke wangu hakufurahi. Mwanamke wa kwetu anafagia uwanja mpaka udongo unang'aa, na nyasi mlangoni maana yake ni nyoka, tena ni uvivu. "Watu watasema mimi sina mikono," akaniambia. Nikamwambia ni wiki mbili tu.

Wiki haijaisha, mama yake akaja kutoka Ayivu kutusalimu. Sikuwa na habari. Natoka kazini mchana, nafika karibu na nyumba, namwona mkwe wangu ameinama mlangoni na panga. Amekwisha kata nyasi zote, zimebaki urefu wa kiganja. Sasa ameshika jembe, anang'oa mashina.

Wasiojua desturi yetu watasema, si ungemwita. Siwezi. Mimi na mama mkwe hatutazamani usoni wala hatuzungumzi, na akiwa kwenye uwanja mimi siingii. Nikajificha nyuma ya ukuta wa choo. Jirani yangu, Mkongo anayeuza samaki wakavu, alikuwa amekaa kwake akitazama. Nikamnong'oneza aende amzuie.

"Mimi? Maneno ya mutu na mkwe wake siingii. Kaa hapo choo, ndugu yangu, iko na kivuli."

Mke wangu akarudi na maji. Akatua mtungi haraka. "Mama, hiyo ndiyo kazi yake."

"Kazi gani ya kufuga majani?" Mama mkwe hakugeuka, ila sauti aliipandisha ifike chooni. "Mwambie huyo anayenusa choo, mimi mtoto wangu nilimpa mutu wa jembe. Nimekuta msitu. Nimemsaidia."

"Anasikia, mama."

"Basi asikie."

Sikuwa na nafasi ya kwenda tena Midia. Mkwe aliporudi kwao nilikusanya yale mashina, nikayachovya kwenye tope, nikayapeleka kwa bibi wa afande na kuyapanda pale pale, mistari mitatu, huku najua kesho nafungasha vitu. Bibi akatoka akasimama barazani.

"Hii nini? Umeniletea fagio za jiko?"

"Mama, ndivyo zinavyopandwa," nikasema. Ulikuwa uongo mtupu, ulitoka wenyewe.

"Na zile za kwanza ulizipandaje?"

Nikainama nikashindilia udongo. Akatazama yale mashina. "Nakupa mpaka mwezi uishe," akasema, akaingia ndani.

Siku ya tisa, kutoka katikati ya kila shina, jani moja la kijani likachomoza. Mwezi ulipoisha zilifika gotini. Baadaye nilifikiri nikaelewa: shina lenye mizizi michache lilishindwa kunywesha yale majani marefu niliyokuwa naliachia. Mkwe wangu hakujua hilo. Mimi pia sikujua. Mke wangu alimpelekea habari kwamba nimebaki kazini kwa sababu yake, na jibu alilorudi nalo ni, "Na mlangoni mwake pamefagiwa?"

Kiangazi kilichofuata bibi alitaka tuzigawe, tupande na upande wa pili wa njia. Nilichukua panga nikazikata zote, urefu wa kiganja, zile zenye mikia myekundu pia. Bibi alikuwa barazani ananiangalia. Safari hii hakuuliza kitu.